Pikipiki kupenya katikati ya foleni: mwenye gari unapobana, unazuia nini hasa?

#1 Kipenyo_BM
Wakuu salama. Swali moja.

Saa kumi na moja jioni, barabara ya Sam Nujoma hapa Dar kuelekea Mwenge, magari yamesimama yote. Pikipiki inakuja polepole katikati ya mistari miwili. Mwenye gari anaiona kwenye kioo, anakata usukani kidogo, gari linasogea mpaka linakalia mstari. Njia imekufa. Anapata nini? Pikipiki haijachukua nafasi yake, maana pale ilipopita gari haliingii. Na taa ikiruhusu, inakuwa imeshavuka kabla gari la mbele halijahamisha mguu kutoka breki kwenda mafuta.

Dai langu: kubana ni roho mbaya tu, hakuna sababu ya kiufundi. Anayepinga alete hoja, matusi aache nyumbani.

#2 MamaSubira
Anapata kioo chake kubaki mlangoni.

#3 FundiVioo_Gerezani
Dada #2 kamaliza. Niongezee upande wa ufundi, maana watu wanalia kioo kimevunjwa na bodaboda kumbe wamekivunja wenyewe.

Usukani wa pikipiki ukigonga kioo cha pembeni, bawa linajikunja kuelekea mbele. Ndani yake kuna springi na vijino vinavyoliruhusu kufanya hivyo. Kinachochomoka ni kile kioo chenyewe, kwa sababu kimeshikwa na vibanio vya plastiki tu juu ya mota. Mwenye gari ana hasira, anakirudisha kwa kukandamiza ukingo kwa dole gumba. Kinapasuka. Au kijino cha mota kinakatika, kisha ukibonyeza swichi unasikia inaguna bila kioo kugeuka.

Kirudishe hivi: gari likae juani dakika kumi plastiki ilainike, panga vibanio vikae sawa na matundu yake, funika kitambaa, kandamiza katikati kwa kiganja chote. Ukisikia "ta, ta" kimeingia. Kisipolia usilazimishe, kuna kibanio kimekatika na kitadondokea barabarani.

#4 Mpima_Lami
Twende na vipimo, maana kila mtu anasema "nafasi ipo" bila kushika futi.

Chukua njia ya mita 3.25. IST (kigari kidogo cha Toyota) ina upana wa mita 1.695 bila vioo. IST mbili zikikaa katikati ya njia zake, bodi kwa bodi kuna mita 1.55. Toa vioo viwili, kila kimoja kama sentimita 17 au 18, unabaki na mita 1.2. Usukani wa pikipiki hizi za biashara pamoja na vioo vyake ni kama sentimita 80. Una sentimita 20 kila upande. Inapitika kwa aliyetulia.

Sasa weka lori upande mmoja, mita 2.5. Bodi kwa bodi inabaki mita 1.15, toa kioo cha IST, una sentimita 97. Yaani 8 kila upande, na huo ni mtetemo wa kawaida wa usukani kwenye lami yenye viraka. Kioo cha lori kubwa kiko juu ya usukani wako, lakini cha Canter, lori dogo, kiko usawa wa kofia yako ngumu.

Lori kwa lori: sentimita 75. Usukani hauingii, na bado wapo wanaojaribu kwa kuupitisha kwa kona.

#5 Konda_Mstaafu
Mkuu #4 hesabu safi, ila hiyo IST iliyokaa katikati ya njia yake umeionea wapi Dar? Penye mistari miwili sisi tunatengeneza mitatu, na wa nne anatanua kwenye vumbi.

#6 Mpima_Lami
#5 haha, kweli. Basi hesabu ya mistari mitatu kwenye njia mbili: lami mita 6.5, IST tatu ni mita 5.08, vioo sita ni kama mita 1.08. Kinachobaki ni sentimita 33 kwa wote, hapo hata mbuzi anaomba njia. Kwa hiyo Kipenyo, wakati mwingine hujabanwa na mtu mwenye roho mbaya. Umebanwa na gari la tatu lililochomekea dakika tano zilizopita, wale wawili wakaliachia nafasi.

#7 NdooYaKwanza
Mnazunguka. Hii ni habari ya foleni, siyo ya vioo. Nenda bombani asubuhi, ndoo zimepangwa. Mtu akisogeza yake mbele hakuna anayeuliza kama maji yatapungua. Kosa ni kusogeza. Mwenye gari kakaa dakika arobaini kwenye joto, anaona mtu kaja sasa hivi na anatangulia. Mkono unakata usukani wenyewe.

#8 Kipenyo_BM
#7 mfano mzuri lakini umepinda. Anayesogeza ndoo anakunywa zamu yako. Pikipiki imekuja na kikombe, inakinga matone yanayomwagika pembeni ya ndoo.

#9 NdooYaKwanza
Hata wa kikombe anatukanwa bombani, kaka.

#10 Mwalimu_wa_Udereva
Nyote mnadhani dereva amewaona. Sehemu kubwa ya mnachokiita kubana ni mtu ambaye hana habari kama mpo.

Gari zetu usukani uko kulia. Aliye njia ya kushoto, pikipiki inampita upande wake mwenyewe na kioo kiko karibu na jicho. Aliye njia ya kulia inampita upande wa abiria. Kioo cha huko kiko mbali, ni cha mbinuko, kinafanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo, na abiria wa mbele akiinama kwenye simu anakiziba.

Halafu jicho nalo lina tabia yake. Kitu chembamba kinachokuja kwako moja kwa moja hakionekani kukua mpaka kimeshafika. Ndiyo maana dereva anasema "kaja kasi" hata pikipiki ikiwa 25. Usiku taa yake moja inamezwa na taa za gari zilizo nyuma yake. Wanaochunguza ajali wanalijua hili miaka mingi: mtu anatazama upande husika, na haoni.

Dawa ya bodaboda si honi. Ni kuyumba kidogo, kushoto kulia, ukiwa bado mita 30 nyuma, ili taa yako isogee kwenye kioo chake. Jicho linadaka kinachosogea kwa upande kuliko kinachokuja.

#11 Rehani
Mwalimu shikamoo. Basi hivyo vioo vinawekwa vipi? Vya kwetu wengi vinaonyesha mlango wa nyuma.

#12 Mwalimu_wa_Udereva
Marahaba. Ubavu wa gari lako hautakugonga, kwa hiyo usiupe nusu ya kioo.

Egemeza kichwa mpaka kiguse dirisha la kulia. Sukuma kioo cha kulia kwa nje mpaka ubavu wa gari ubaki uzi mwembamba. Kisha egemea katikati, kichwa kiwe kati ya viti viwili vya mbele, ufanye hivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukirudi kukaa wima hutauona ubavu wako kabisa. Hapo ndipo penyewe. Jaribio: gari linalokupita likianza kutoka kwenye kioo cha ndani liwe limeshaingia cha pembeni, na likitoka cha pembeni uwe umeshaliona kwa jicho tupu. Mhandisi George Platzer aliyaandika haya mwaka 1995.

Ubaya upo: ukirudi nyuma kuegesha huoni ukingo wa barabara. Inamisha kioo kwa swichi, ukimaliza rudisha. Na gari ikiwa imejazwa mizigo hadi dari, kioo cha ndani hakina kazi, kwa hiyo mpangilio huu unaacha pengo nyuma yako. Rudisha vya pembeni ndani kidogo.

#13 Kocha_Boda
Upande wa waendesha pikipiki sasa, maana huko nako kuna uchafu.

Mwendo kwanza. Kilomita 30 kwa saa ni mita 8.3 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka inakula mita 12 na nusu, breki yenye kushika vizuri inakula karibu 6 nyingine. Jumla 18 na ushee, yaani IST tatu na mapengo yake. Ukiwa 50 jumla ni mita 37. Magari yakiwa yamesimama, 20 inatosha: unasimama ndani ya mita 11. Yakianza kutembea zaidi ya 40, rudi kwenye njia yako. Kupenya kumeisha hapo.

Gia ya pili, vidole viwili vimelala kwenye breki ya mbele, mguu juu ya breki ya nyuma bila kuikanyaga (taa ya nyuma ikiwaka muda wote anayekufuata hajui lini unasimama kweli).

Usisubiri indiketa, hapa kwetu indiketa ni pambo. Soma tairi za mbele na kichwa cha dereva. Kichwa kikigeuka kioo, tairi linafuata.

Kubwa kuliko yote: pengo. Mstari wa pembeni ukifunguka, urefu wa gari moja hauna kitu, kuna mtu atachomekea, au mwenda kwa miguu anakatiza humo, au gari linatoka barabara ya pembeni. Punguza kabla ya pengo. Ukishalifikia umechelewa. Na usikae sambamba na gari. Ama umevuka bampa yake ya mbele, ama umebaki nyuma ya bampa ya nyuma.

Abiria wako abane magoti, begi la mgongoni aliweke katikati yenu. Upana halisi wa chini si usukani, ni magoti ya abiria na zile bampa za kuchomelea mtaani. Bampa iliyozidi ncha ya usukani inakudanganya, kwa sababu unapima nafasi kwa mikono.

Kushoto mwa daladala usipite. Mlango uko huko, na konda anashusha hata katikati ya njia.

#14 Konda_Mstaafu
Konda anashusha abiria anaposema "shusha". Msituonee.

#15 Dirisha_Wazi
Kocha umesahau mlango wa gari dogo. Foleni ikikaa sana abiria wanateremka popote. Mlango ukifunguliwa wote unatoka karibu mita nzima, yaani nafasi yote ya #4 imekwisha.

Kwa wenye magari: fungua kwa mkono wa mbali. Dereva wetu amekaa kulia, basi avute kitasa kwa mkono wa kushoto. Kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanaangukia nyuma. Waingereza wameliingiza kwenye mwongozo wao wa barabara tangu Januari 2022. Abiria wa kushoto atumie mkono wa kulia.

#16 nduthi_ya_Ruiru
Huku Nairobi ni vivyo hivyo, bana. Jam ya Thika Road, matatu inakuona na bado inakufungia. Lakini tusijidharau, hata Marekani wanapenya. California wameandika kabisa kwa sheria: unaruhusiwa hadi maili 50 kwa saa, na usizidi magari kwa zaidi ya maili 15.

#17 Wakili_Pikipiki
Hapana ndugu #16. Hizo namba zilikuwa kwenye rasimu ya mswada AB 51 zikaondolewa. Sheria iliyosainiwa Agosti 2016 na kuanza Januari 2017 inaeleza tu maana ya kitendo, na kuipa polisi ya barabara kuu ya jimbo nafasi ya kutoa mwongozo wa usalama. Haina ukomo wa mwendo.

Utah ndiyo walioweka namba, mwaka 2019: magari yawe yamesimama, pikipiki isizidi maili 15 kwa saa, kwenye barabara ambayo ukomo wake hauzidi maili 45. New South Wales kule Australia, tangu Julai 2014, ni kilomita 30, kwa mwenye leseni kamili tu, na siyo kwenye eneo la shule.

Ufaransa walijaribu kwa miaka, wakaingiza kwenye kanuni zao Januari 2025: hadi 50, ila 30 kama mstari mmoja umesimama, na upite kati ya zile njia mbili zilizo karibu zaidi na katikati ya barabara tu. Hilo la mwisho lina faida kwa mada hii. Dereva anajua ni upande gani wa kutazama. Kwetu pikipiki inatoka kushoto, kulia, na nyingine inakuja uso kwa uso.

#18 nduthi_ya_Ruiru
Nimesimama kusahihishwa. Asante wakili.

#19 MamaSubira
Wakili, ikigonga nani analipa? Hilo ndilo linalobana, siyo ndoo wala kikombe.

#20 Wakili_Pikipiki
Dada, kinadharia bima ndogo ya pikipiki ndiyo inayolipa kioo chako, kwani bima ndogo ni ya kumlipa mtu wa tatu. Lakini ufuatilie ripoti ya polisi, fomu, ukaguzi wa gari, kwa kioo kimoja? Watu wanaona heri wamalizane pale pale, na anayeendesha hana kitu mfukoni: chombo ni cha mtu, yuko kwenye mkataba, na hesabu ya siku bado haijafika. Wa bima kubwa naye anapiga hesabu ya kiasi anachotakiwa kuchangia mwenyewe, anaacha.

Nani mwenye kosa, hakuna jibu moja. Uingereza kuna kesi ya Powell dhidi ya Moody, 1966: pikipiki ilipita foleni iliyosimama, gari likatokea kwenye pengo, mwenye pikipiki akabebeshwa asilimia 80. Mwaka 2006, Davis dhidi ya Schrogin, pikipiki inapita foleni, gari likageuza kurudi lilikotoka ghafla: mwenye pikipiki hakupewa kosa lolote. Hukumu za huko hazifungi mahakama zetu ila mawakili huzitaja. Linaloamua ni mwendo, umbali, na kama pikipiki ilikuwa mahali inapoweza kuonekana.

#21 Tabata_Relini
Kuna sababu hamuisemi kwa sauti. Dereva anaogopa kuzingirwa. Gari likigusana na bodaboda, dakika mbili wamefika kumi na tano, hakuna anayeuliza nani alikosea. Anayebana anajaribu kuizuia ile dakika isianze. Ni hofu imevaa koti la ubabe.

#22 Kocha_Boda
#21 hofu ingemfanya aachie nafasi. Anayeogopa nyuki hazibi tundu la mzinga.

#23 Tabata_Relini
Anaziba, Kocha. Ndiyo maana anaumwa.

#24 FundiBreki_Mbagala
Kocha #13 mita zako ni za breki inayoshika. Pikipiki nyingi za biashara zina breki ya ngoma mbele na nyuma, na waya wa mbele umelegea mpaka mkono unagusa usukani. Mchezo wa mkono wa breki uwe milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kushika. Ukizidi, kaza nati ya chini kwenye gurudumu, ile ya juu iachie marekebisho madogo. Inua tairi ulizungushe: likisuguana umekaza mno, ngoma itachemka na kuteleza. Mvua ikiingia kwenye ngoma, breki ya kwanza haishiki, kwa hiyo ikandamize kidogo kidogo ukitembea ili ikauke kabla ya kuingia katikati ya magari.

Na jingine. Kupenya ni kutembea juu ya rangi ya mstari. Rangi ikilowa ni sabuni. Zile taa za kuakisi zilizopachikwa kwenye mstari ukizikanyaga huku umekamata breki ya mbele, tairi linaruka. Weka tairi pembeni kidogo ya mstari, upande wenye gari dogo.

#25 Mzizima
Suluhisho liko wazi, njia ya mabasi ya mwendokasi iko tupu.

#26 Mwalimu_wa_Udereva
#25 hiyo tupu ina basi la mita 18 nyuma yako, na kando kuna ukingo wa zege, ukishtuka huna pa kukimbilia. Vituoni watu wanavuka wakitazama basi tu, hawakutegemei wewe. Ungetaja Malaysia ningekuelewa: barabara yao ya Federal Highway ina njia ya pikipiki iliyotengwa tangu miaka ya 1970.

#27 Mzizima
Sawa, mwalimu. Ila Ubelgiji walithibitisha: asilimia 10 ya wenye magari wakihamia pikipiki, muda unaopotea kwenye foleni unapungua asilimia 40. Kwa hiyo anayebana pikipiki anajichelewesha mwenyewe.

#28 Mpima_Lami
Siyo "walithibitisha". Ule ulikuwa mfano wa kompyuta wa barabara moja, kati ya Leuven na Brussels. Na unahesabu mtu anayeliacha gari nyumbani. Bodaboda wetu wengi hawajatoa gari barabarani, wamembeba aliyekuwa apande daladala. Foleni ya barabara ya Mandela haipungui hata gari moja kwa hilo.

#29 Kipenyo_BM
Nimesoma yote. Nakubali #10 na #6: wengine hawanioni, wengine wamebanwa kama mimi. Lakini yule anayenitazama kwenye kioo, anacheka, ndipo anakata usukani? Huyo hamjamwelezea.

#30 NdooYaKwanza
Huyo ni wa bombani.

#31 MamaSubira
Na mimi nauliza upande wa pili. Pikipiki imepita vizuri, nimeachia nafasi, halafu nyuma yake inakuja bajaji nayo inadhani itapita. Hiyo nayo ina sababu gani ya kiufundi?

#32 Mpima_Lami
Bajaji ni mita 1.3. Rudi #4.